Dakika sita zilizopotea: namna ya kurekodi redio ya intaneti kwa kompyuta



Familia iliyokimbia kijiji chake hukata mashauri makubwa kutokana na habari: kurudi au kubaki, kuandikisha watoto shule huku au kungoja, kuuza hema au kulitunza. Lakini mara nyingi hatusikii tangazo lenyewe. Tunasikia kwa mtu aliyesikia kwa mwingine, na kila anayepokea anaongeza au anapunguza. Wengine hutetea uvumi kwa kusema «lisemwalo lipo». Sisi tunaofanya kazi Butembo na Beni tumeona kwamba lisemwalo linaweza kuwa nusu tu ya lililosemwa.

Ndiyo maana vikundi kadhaa vimetuomba tueleze jinsi ya kurekodi vipindi vya redio vinavyopita kwenye intaneti, na la kufanya programu inapoleta taabu. Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Kosa tulilofanya

Mwaka 2022 tulirekodi kipindi cha habari cha redio moja kwa ajili ya familia zilizokuwa zimekimbia vijiji vya kaskazini mwa Beni. Katika kipindi hicho kiongozi mmoja alisema kwamba barabara imefunguliwa. Tulipeleka sauti ile kwenye mkutano, watu wakasikiliza, wakafurahi. Kesho yake familia mbili ziliuza sahani na mahema, zikarudisha chumba walichokuwa wamekodi, zikaanza safari.

Mzee mmoja alikuwa na shaka. Alituuliza: «Kipindi hiki huwa ni cha nusu saa. Mbona hapa ni dakika ishirini na nne?» Hatukuwa na jibu. Tulipiga simu redioni. Tukaambiwa kwamba baada ya kusema barabara imefunguliwa, kiongozi yule aliendelea kueleza kuwa ni kwa magari ya biashara yanayosindikizwa na askari, na kwamba wakaaji wasirudi mashambani kwa sasa.

Maneno hayo yalikuwa ndani ya zile dakika sita. Mtandao ulikuwa umekatika, programu ikangoja, kisha ikaendelea. Vipande viwili viliungana bila kuacha pengo linalosikika. Familia zile tulizipata njiani kwa simu, zikarudi salama, lakini chumba kilikuwa kimechukuliwa na vyombo vilikuwa vimekwisha kuuzwa.

Tangu siku ile tunasema hivi: rekodi isiyo kamili ni hatari kuliko kukosa rekodi, kwa sababu watu wanaiamini.

Kwa nini basi turekodi?

Kwa sababu intaneti haipo kila siku, na maneno yanasahaulika. Tukumbuke mwisho wa mwaka 2018. Tarehe 26 Desemba tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba uchaguzi wa Beni, Butembo na Yumbi umesogezwa hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama mdogo. Siku chache baadaye, tarehe 31 Desemba, intaneti ilikatwa nchini, na ilirudi katika nusu ya pili ya Januari. Wakati huo watu walibishana juu ya nini hasa kilisemwa na kwa sababu gani. Aliyekuwa na sauti imehifadhiwa kwenye kompyuta yake aliweza kuisikilizisha, hata bila mtandao.

Leo redio nyingi zinapatikana kwa intaneti. Radio Okapi, iliyoanzishwa tarehe 25 Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, ina habari kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. RFI ina idhaa ya Kiswahili tangu 2010, na DW tangu 1963. Mtu asiyeshika mawimbi ya FM huko alikokimbilia anaweza kuzisikia kwa simu au kompyuta. Lakini sauti ya intaneti hupita kama maji ya mto: usipoteka, yamekwenda.

Programu mbili za bure

Kuna programu nyingi. Sisi tunatumia mbili ambazo hazilipiwi na zinafanya kazi kwenye kompyuta za kawaida.

Ya kwanza ni VLC. Hii inachukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mtandao na kuiandika kama ilivyo.
1. Fungua VLC, bonyeza Ctrl na N pamoja. Kijisanduku cha anwani kitafunguka.
2. Andika au bandika anwani ya sauti ya redio, kisha anza kusikiliza.
3. Kwenye menyu ya «Vue» chagua «Contrôles avancés». Kitufe chekundu kitaonekana chini.
4. Bonyeza kitufe hicho kuanza, na ukibonyeze tena kumaliza. Faili hukaa kwenye folda ya muziki au ya video.

Ya pili ni Audacity. Hii hairekodi mtandao bali sauti yoyote inayochezwa na kompyuta. Inafaa pale redio inaposikika kwenye ukurasa wake tu, bila anwani ya kuweka ndani ya VLC.
1. Kwenye Windows, chagua mfumo wa sauti unaoitwa Windows WASAPI.
2. Kwenye orodha ya vifaa vya kurekodia, chagua jina la spika zako lenye neno «loopback».
3. Anzisha redio, kisha bonyeza kitufe chekundu.
4. Ukimaliza, toa faili la MP3 kabla ya kuligawa.

Kabla ya kuanza, hesabu mega na nafasi

Redio inayotuma kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu megabaiti 29 kwa saa moja. Inayotuma kilobiti 128 hula karibu 58. VLC ikiandika sauti kama ilivyo, faili litakuwa na ukubwa huohuo. Audacity ni tofauti: inapofanya kazi huhifadhi sauti isiyobanwa, ambayo kwa ubora wa CD ni zaidi ya megabaiti 600 kwa saa, na inaweza kufika mara mbili yake kulingana na mpangilio. Nafasi ikijaa, kurekodi kunasimama. Kwa hiyo tazama nafasi iliyobaki, na nunua mega zinazozidi kidogo hesabu yako, kwa sababu kusikiliza tu bila kurekodi kunakula kiasi hichohicho.

Matatizo tunayokutana nayo

«Tumepakua faili lakini lina herufi chache tu, halina sauti.» Tazama mwisho wa jina lake. Likiwa .m3u au .pls, hiyo si sauti. Ni karatasi ndogo yenye anwani ya redio. Lifungue kwa VLC, redio itaanza, kisha rekodi.

«Tumerekodi saa nzima ya kimya.» Katika Audacity, mara nyingi kifaa kilichochaguliwa ni maikrofoni badala ya spika, au redio yenyewe ilinyamazishwa kwenye ukurasa wake. Kompyuta nyingine za zamani zinahitaji kifaa kiitwacho «Mixage stéréo», ambacho kinaweza kuwa kimefichwa. Kwenye orodha ya vifaa vya kurekodia vya Windows, bonyeza kulia, uombe kuonyeshwa vifaa vilivyozimwa. Rekodi dakika moja ya majaribio kila mara kabla ya kipindi.

«Tunasikia milio ya ujumbe katikati ya habari.» Audacity inachukua kila sauti ya kompyuta. Funga kurasa nyingine na uzime taarifa za ujumbe. VLC haina shida hii.

«Tulipanga ianze yenyewe, ikakuta kipindi kimepita.» Tazama saa. Butembo na Beni tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Saa sita mchana ya Kinshasa ni saa saba kwetu. Redio ikitangaza saa ya Kinshasa, ongeza moja. Tazama pia majira ya kompyuta yenyewe, maana nyingine zilipangwa kwa saa za Kinshasa au za Ulaya. Majira ya Kivu Kaskazini ni saa mbili mbele ya saa ya ulimwengu.

«Kompyuta ililala katikati ya kazi.» Windows huilaza kompyuta isipoguswa kwa muda. Nenda kwenye mpangilio wa umeme uchague isilale kamwe, ikiwa kwenye umeme na ikiwa kwenye betri. Kama mnatumia jenereta, anza betri ikiwa imejaa ili umeme ukikatika mwendelee. Audacity ikifungwa kwa ghafula, ifungue tena: kwa kawaida itauliza kama unataka kurudisha kazi iliyokatika. Kubali.

«Faili halifunguki kwenye simu.» Likiwa na mwisho wa .aup3, hilo ni faili la kazi la Audacity, si la kusikiliza. Lifungue kwa Audacity kwenye kompyuta, ulitoe kama MP3.

«Mtandao unakatika-katika.» Hili ndilo lililotuangusha. VLC ikipoteza redio husimama. Ukianza tena utapata faili la pili, na angalau utajua kuna pengo. Audacity kwa njia ya WASAPI inaweza kungoja sauti irudi na kuunganisha vipande. Kwa hiyo weka mtu mmoja asikilize tangu mwanzo hadi mwisho, akiwa na saa na daftari. Sauti ikikatika, aandike: saa fulani imekatika, saa fulani imerudi.

Kama intaneti haipo kabisa lakini FM inasikika, tumia waya mdogo kutoka tundu la vipokea sauti vya redio hadi tundu la maikrofoni la kompyuta, kisha rekodi kwa Audacity. Punguza sauti ya redio ili isikwaruze.

Kabla ya kusikilizisha watu

Tuna kanuni nne, na hatuzivunji hata watu wakituharakisha.

Kwanza, linganisha urefu. Kipindi cha nusu saa kiwe nusu saa. Kikipungua, tafuta kilichopungua.

Pili, mwanzoni mwa kila faili sema kwa sauti jina la redio, tarehe, saa, na kama ni kamili au la. Kwenye jina la faili andika mwaka, mwezi na siku, kisha redio na kipindi. Tangazo la usalama la mwezi uliopita likisikika kama la leo linaweza kuua.

Tatu, usikate. Mtu akitaka sekunde ishirini tu za kutuma kwa simu, mpe kipindi chote, au usimpe. Ukipata pengo, piga simu redioni uulize, na uwaambie wasikilizaji wazi kwamba kuna pengo.

Nne, omba ruhusa ya redio kabla ya kugawa sauti yake. Kazi ni yao. Haiuzwi.

Na kuna jambo la tano lenye uzito kuliko programu zote. Si kila sauti inafaa kuhifadhiwa. Katika vipindi vya kupiga simu, mkimbizi anaweza kutaja jina lake, kijiji chake, mahali anapolala na nani alimshambulia. Redioni maneno hayo yamepita. Kwenye fleshi zenu yatabaki na kuzunguka, na fleshi inapotea, inaibwa, inanyang'anywa kwenye kizuizi. Sauti ya namna hiyo futeni. Ulinzi wa mtu mmoja unapita faida ya kumbukumbu.

Hitimisho

Yule mzee aliyetuuliza juu ya dakika sita hajawahi kugusa kompyuta. Lakini anakijua kipindi chake, na anajua kuhesabu. Sasa tunamwomba akae nasi kila tunaporekodi. Kijana anaendesha mashine, mzee anashika saa, mama mmoja anaandika daftari. Kwa watatu hawa, familia za kambi nzima zinaweza kusema: tumesikia neno lote, si nusu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni habari gani ya nusu iliyowahi kutudhuru hapa tunapoishi? Nusu nyingine ilikuwa ipi?
2. Nani kati yetu atashika saa na daftari wakati wa kurekodi?
3. Rekodi zetu zitatunzwa wapi, na nani ana haki ya kuzisikiliza?
4. Tukigundua tumesikilizisha watu kosa, tutawafikiaje siku hiyohiyo?