Kabla ya Kununua Trekta Kuukuu

Juma hili hatuzungumzi habari za mbegu wala mbolea. Tunazungumza habari za chuma. Wakulima wengi wa huku Tanga, toka Mkinga mpaka Pangani, toka Muheza mpaka Handeni, hukutana na jambo hili hili: mtu anasikia kuna trekta kuukuu limelala bandani, mwenyewe anataka kuliuza, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na trekta jipya. Je, alinunue akalifufue?

Wako waliofanya hivyo na leo wanalima. Wako pia waliofanya hivyo na leo kuku wanatagia juu ya kiti cha dereva. Tofauti yao siyo bahati. Tofauti ni kwamba wa kwanza walitazama kabla ya kutoa fedha.

Kwanza tujue chuma hicho kimetoka wapi. Mkoa wetu ulikuwa moyo wa mkonge. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani 230,000 hivi za mkonge, na sehemu kubwa ilitoka huku. Baadaye kamba za plastiki zikaingia katika soko la dunia, bei ikaanguka, mashamba mengi yakageuka pori. Mabanda yakabaki na matrekta ndani yake. Mengine yalikuwa ya vijiji. Hayo yalilala miaka ya 1970 na 1980 kwa kukosa vipuri, kwa sababu fedha za kigeni za kuagizia hazikuwapo. Kwa hiyo usishangae ukikuta Massey Ferguson, Ford au Valmet lenye umri kuliko wewe unayelinunua.

Umri peke yake siyo kasoro. Massey Ferguson 135, mathalani, lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1964 na 1975, nalo lina injini ya Perkins ya silinda tatu ambayo fundi wa kawaida anaijua. Zaidi ya hayo, viwanda vya India na Pakistan viliendelea kuunda matrekta ya ukoo huo miaka mingi baadaye, na ndiyo maana vipuri vyake unavipata. Hapo ndipo pa kuanzia. Kabla hujaenda kulitazama trekta, nenda dukani ukaulize pistoni, gasketi na bamba la klachi la aina hiyo. Ukiambiwa "tutaagiza", rudi nyumbani ukafikiri upya.

Kununua mashine kuukuu kwa pupa siyo jambo geni nchini. Wazee wa Kongwa wanalo la kusimulia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha juzi tu, matrekta mapya hayapatikani, basi wakakusanya mabaki ya vita: matrekta na matingatinga yaliyotumika, mengine toka Misri, mengine toka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta na kampuni ya Vickers. Udongo wa Kongwa ukikauka ni kama sakafu ya saruji. Mashine zile, zilizofika zimechoka tayari, zilikufa upesi, na kila aina ikadai vipuri vyake. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimekwenda. Serikali ile ilikuwa na karakana, mafundi na hazina ya nchi nzima. Wewe una shamba la ekari tano na familia.

Sasa twende bandani. Chukua fundi wako mwenyewe, siyo fundi wa muuzaji, na umlipe siku yake. Fikeni asubuhi. Kabla ya maneno mengi, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa na moto, ujue limewashwa kabla hujafika, na mara nyingi linalowashwa mapema namna hiyo ni lile linalokataa kuwaka likiwa baridi. Kaa chini, ngoja lipoe.

Likiwa baridi, chomoa kijiti cha oili. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi, hilo lisikutishe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hapo pana jambo: maji yameingia ndani, ama kwa gasketi iliyoungua, ama kwa silinda hedi iliyopasuka. Fungua na kifuniko cha rejeta. Ukiona mafuta yanaelea, ni ugonjwa huo huo. Ukiona tope la kutu na ukoko mweupe, huo ni ugonjwa wetu wa pwani. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na madereva wamekuwa wakiyamimina humo miaka nenda miaka rudi. Chumvi hula chuma toka ndani. (Wewe ukishalinunua, kinga maji ya mvua kwenye pipa uyatumie hayo.)

Kama injini haiwaki kabisa, usikubali maneno kwamba "betri tu". Mwambie fundi aweke spana kwenye nati ya puli ya mbele na aizungushe kwa mkono. Ikizunguka, lipo la kuzungumza. Isipozunguka, pistoni zimeshikana na kutu, na hapo unanunua chuma chakavu. Basi lipa bei ya chuma chakavu au uondoke.

Likiwaka, tazama moshi. Moshi mweupe kidogo asubuhi siyo kitu, lakini usipokoma injini ikishapata moto, kuna kasoro. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa haba, na pengine filta tu imeziba. Moshi wa buluu usiokwisha ni oili inayoungua. Ringi na slivu zimekula. Kuhakikisha, fungua kifuniko cha kumiminia oili injini ikinguruma. Hewa ikipuliza hapo kama birika linalochemka, weka katika hesabu yako gharama za kufungua injini yote.

Watu wengi huishia hapo, kwenye injini. Hapo ndipo wanapoumia, maana injini ndiyo sehemu ambayo mafundi wetu wanaiweza zaidi. Trekta halina chesisi kama lori. Injini, giaboksi na difu zimefungwa kwa bolti moja nyuma ya nyingine, nazo ndizo uti wa mgongo. Pita na kitambaa na mafuta ya taa, futa uchafu kwenye maungio, utafute ufa au alama za kuchomelea. Chuma cha kusubu hakichomelewi kirahisi. Trekta lililowahi kuvunjika kiuno likaungwa, liache.

Kisha lifungie jembe, siyo maneno tu. Nyanyua jembe juu, liache likining'inia, uzime injini. Likishuka lenyewe papo hapo, haidroliki imechoka. Katika Massey Ferguson 135 pampu ya haidroliki imo ndani kabisa, imelala katika oili ile ile ya giaboksi, kwa hiyo kuifikia ni kazi ya kufungua tumbo. Na ukumbuke historia ya mashamba ya mkonge: trekta lililovuta tela za majani ya mkonge kutwa kucha laweza kuwa na haidroliki nzima kabisa, huku klachi, breki na meno ya gia yamekwisha. Lililofanya kazi karibu na korona lilimwagikiwa na maji ya mkonge, na maji yale ni makali, yanakula bati na chuma. Chungulia chini ya mabati ya kukanyagia.

Tairi za nyuma zisikudanganye kwa meno makubwa. Zilizokaa juani miaka zinakuwa na nyufa pembeni, na siku ya kwanza ya kazi nzito zitafunguka. Tazama rimu karibu na kijiti cha kujazia upepo, kwa sababu waliotia maji ndani ya tairi kuongeza uzito waliozesha rimu toka ndani. Jozi moja ya tairi za nyuma yaweza kukupotezea faida yote ya bei rahisi.

Karatasi nazo. Linganisha namba iliyo kwenye kibati cha trekta na iliyo kwenye kadi, na jina la kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia. Dalali siyo mwenye mali.

Kuna kikundi kimoja cha Muheza, watu sita wa ukoo mmoja, ambacho tumekifikiria sana tulipokuwa tunaandika maneno haya. Waliuza machungwa ya mwisho wa mwaka, wakachanga, wakanunua trekta mwezi wa Januari. Rangi ilikuwa nyekundu, mpya, bado inanuka. Fedha yote ilikwenda kwa muuzaji; ya mafuta ya safari walikopa. Mwezi wa Machi masika yakaanza, wakalima ekari sita hivi, jembe likagoma kunyanyuka. Fundi akafungua, akakuta na meno ya gia yamekatika. Vipuri vilikuwapo dukani. Fedha haikuwapo. Trekta likakaa wazi, tumbo limefunguliwa, mvua inanyesha, na wale watu sita wakarudi kwenye jembe la mkono wakiwa wamechelewa majuma matatu. Mahindi yao mwaka ule yalikuwa nusu ya kawaida. Trekta lenyewe halikuwa baya sana. Lingefufuka. Kosa lilikuwa kwamba walikuwa na fedha za kununua tu.

Kwa hiyo sikiliza hesabu hii. Chukua fedha yote uliyo nayo, igawe mara mbili. Nusu ndiyo ya kununulia. Nusu nyingine ni ya vipuri, oili, tairi, fundi na kulileta nyumbani. Mwambie fundi akuandikie kila kitu kinachohitajika, nenda nayo karatasi hiyo kwenye maduka mawili, ujumlishe. Jumla hiyo pamoja na bei ya kununulia ikifika bei ya trekta la aina hiyo linalofanya kazi, nunua hilo linalofanya kazi.

Halafu ujiulize litalima wapi. Trekta la ukubwa huo, siku nzuri, lina uwezo wa kulima ekari nne au tano. Shamba lako linakwisha kwa siku moja au mbili! Siku zinazobaki litakula nini? Kama majirani wana mashamba ya wazi, kama kuna machungwa na maji ya kubeba kwa tela, litajilisha. Kama eneo lote ni minazi na michungwa iliyosongamana, mizizi itavunja jembe, na jozi ya ng'ombe au kukodi trekta la mwenzio kwa siku mbili kutakufaa zaidi. Kununua kwa ushirika ni vizuri, ila andikeni mapema nani analima kwanza mvua zikinyesha. Ugomvi huanzia hapo.

Ukishalifikisha nyumbani, usikimbilie rangi. Mwaga oili zote, ya injini na ya giaboksi, safisha tangi la dizeli, badilisha filta, tia grisi kila mahali penye chuchu ya grisi. Tengeneza breki kabla ya kuongeza nguvu. Na tafadhali, usiwashe kwa kugusanisha bisibisi kwenye stata ukiwa umesimama chini mbele ya gurudumu la nyuma. Likiwa katika gia litaondoka, na litapita juu yako. Nunua swichi.

Ukianza kazi hii Juni, masika yakiisha, una miezi mitatu au minne mpaka vuli ya Oktoba. Ukianza Februari umechelewa. Kodi trekta msimu huo, ufufue lako polepole.

Juma lijalo, ndugu mkulima, tutazungumza juu ya kufunga na kurekebisha plau ya sahani ili isiache matuta katikati ya shamba. Kwaheri.