Kitoweo Kisicho na Nyama

Katika lugha yetu ya Pwani kuna neno linalotuponza jikoni, nalo ni kitoweo. Wali uwe umekauka vizuri, chapati ziwe zimepangwa, mboga ziwe zimeiva, bado mtu atauliza, "Kitoweo ni nini leo?" Jibu analolingojea ni nyama, kuku au samaki. Asipolipata, huondoka jamvini akijihesabu kuwa hajala. Mwandishi wa makala haya amekaa katika vikao kadhaa vya kusuluhisha wanandoa ambavyo, ukiufukua ugomvi mpaka kwenye mzizi, uliukuta chini ya sufuria: mume ametoa pesa zisizofika bucha, mke amepika kunde, na yakasemwa maneno ambayo hayakustahili kusemwa kwa ajili ya nusu kilo ya nyama.

Si haki kumlaumu mke katika jambo hili, wala mume si mchoyo kila mara. Tatizo ni kwamba wengi wetu twaijua mboga kwa namna mbili tu, ya kuchemsha na ya kukaanga kwa kitunguu, kisha tunailaumu mboga kwamba haina ladha. Ilhali ukuta wa pili, katika mitaa ya Mombasa na Malindi, wanaishi majirani ambao vizazi kwa vizazi hawajaweka nyama sufuriani, na harufu ya jikoni kwao humtoa mtu mate akiwa barabarani.

Nasema Wagujarati, na hasa Mabaniani na Wajaini miongoni mwao. Si kila Mhindi huacha nyama. Ndugu zetu Mabohora na Mamemoni ni mashahidi wa hilo, na biriani zao zatosha kuwa ushahidi. Lakini Mgujarati asiyekula nyama hajui pengo liitwalo "leo hakuna kitoweo". Sahani yake ina dali, ina mboga kavu, ina chapati na wali, ina achari, ina maziwa ya mgando, na kila kimoja kina kazi yake: kichungu hukutana na kitamu, laini na kinachotafunika, cha moto na cha baridi. Hiyo ndiyo siri ya mapishi yao, na haihitaji fedha nyingi.

Wala mapishi haya si mageni kwetu. Wafanyabiashara wa Gujarat na Kachchh walizijua bandari hizi kwa pepo za kaskazi karne nyingi kabla ya reli kuanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Maneno chapati, bajia, achari na kachumbari yametoka kwao tukayavisha kanzu ya Kiswahili. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331 na kutukuta tukila ndizi na samaki, alifika India miaka michache baadaye, akaandika kuwa watu wa huko huchemsha pojo pamoja na mchele, wakala kwa samli kila asubuhi. Alikiita chakula hicho kishri. Ndiyo khichri ileile inayopikwa hadi leo, na wengi huamini kuwa kushari ya Wamisri imetokana nayo.

Na tuanze nayo, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko zote. Chukua kikombe 1 cha mchele na kikombe 1 cha pojo zilizopasuliwa. Zioshe pamoja mpaka maji yawe safi, uziroweke nusu saa, kisha uzipike kwa vikombe 5 vya maji, chumvi, na nusu kijiko cha chai cha manjano. Usiitazamie ichambuke kama pilau. Uzuri wake ni kulainika. Ikiiva, tia samli kijiko kimoja juu ya kila sahani. Mgonjwa huila, mtoto aliyeachishwa ziwa huila, na mzee asiye na meno huishukuru.

Khichri huenda pamoja na mchuzi wa maziwa ya mgando uitwao kadhi (asitajwe Kadhi wetu wa mahakamani hapa, huyu ni wa sufuriani). Piga vikombe 2 vya maziwa ya mgando pamoja na vijiko 2 vikubwa vya unga wa dengu na vikombe 2 vya maji, yote yakiwa baridi, mpaka pasiwe na donge hata moja. Tia tangawizi iliyopondwa, pilipili mbichi, chumvi na sukari kidogo. Ndipo uweke kwenye moto mdogo, ukikoroga bila kuacha mpaka uchemke. Unga wa dengu ndio unaoyazuia maziwa yasikatike. Ukiyatia motoni bila unga, au ukaenda zako kuzungumza mlangoni, utarudi ukute maji upande mmoja na chenga upande wa pili.

Sasa dali. Dali wanayoipenda zaidi Wagujarati ni ya mbaazi, na hapa msomaji wa Pwani ana cha kufurahia, kwa kuwa ni mbaazi zilezile tunazozipika kwa nazi na kuzila kwa mahamri. Tofauti ni kwamba wao huzimenya ganda na kuzipasua, hivyo zikaiva upesi na kuwa laini tumboni. Kikombe 1 hutosha watu wanne au watano. Roweka nusu saa, upike kwa vikombe 4 vya maji na manjano mpaka zivurugike, kisha uzipige kwa mwiko. Tia nyanya moja iliyokatwa, tangawizi, chumvi, kipande cha sukari guru cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, na maji ya ukwaju au ndimu. Acha ichemke dakika 10. Sukari na ukwaju ndani ya dali huwashangaza watu wetu, lakini ndiyo alama ya dali ya Kigujarati. Anayeogopa na aanze kwa nusu ya kiasi hicho.

Kilichobaki ni kuiunga, na hapa ndipo ladha inapozaliwa. Sisi huunga mwanzo: tunakaanga kitunguu, tukatia viungo, kisha mboga. Wao huunga mwisho. Pasha vijiko 2 vikubwa vya samli au mafuta katika kikaango kidogo. Tia kijiko cha chai cha haradali nzima na ungoje ilipuke. Isipolipuka haitoi ladha yake. Ikishatulia, tia bizari nyembamba nzima, pilipili kavu 2, na chembe ya mvuje, uhesabu hadi tano tu, kisha umimine yote juu ya dali na ufunike papo hapo ili moshi wake uingie ndani. Bizari ikigeuka nyeusi, imwage uanze tena, maana uchungu wake hauondoki.

Mvuje nimeutaja kwa makusudi. Mabibi zetu waliufunga katika kitambaa wakamvisha mtoto shingoni, eti kumkinga na husuda. Mahali pake pa haki ni sufuriani. Wajaini, na Mabaniani wengi wanaoshika dini yao sana, hawali kitunguu wala kitunguu thomu, na mvuje ukikutana na samli ya moto hutoa harufu inayokaribia ya vitu hivyo viwili. Kiasi cha nusu ya punje ya mahindi chatosha chungu kizima. Ukizidisha, nyumba nzima itajua.

Kwa siku ambayo jiko la makaa limewashwa, choma biringani kubwa moja mpaka ganda liungue na nyama yake ilegee. Limenye, uliponde kwa uma, kisha ulikaange kidogo pamoja na kitunguu, nyanya, pilipili mbichi na dania. Harufu ya moshi hufanya kazi ambayo tumezoea kuiachia nyama. Mumunye nalo, ambalo wao huliita dudhi, hupikwa pamoja na dengu zilizopasuliwa. Nashangaa kuona mumunye likidharauliwa katika nyumba zetu, nasi tumesoma katika Hadithi ya Anas bin Malik kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akilifuata lilipo katika sahani.

Kachumbari yetu ya kitunguu na nyanya kila mtu anaijua, siwezi kupoteza wino juu yake. Wengi hawaijui ile ya Wahindi wa kusini, watu wa Karnataka, iitwayo kosambari. Roweka nusu kikombe cha pojo zilizomenywa na kupasuliwa kwa saa 2, uzichuje vizuri, hazipikwi. Changanya na tango lililokatwa vipande vidogo, karoti iliyokwaruzwa, dania, ndimu, na nazi mbichi iliyokunwa. Mbuzi pekee anayehitajika katika mlo huu ni yule wa kukunia nazi. Malizia kwa haradali iliyolipuliwa katika mafuta kidogo, na chumvi itiwe wakati wa kula tu, kwa sababu tango likikutana na chumvi mapema hutoa maji. Siku ya joto la kaskazi hakuna kinachoishinda.

Swali linaloulizwa na akina baba ni moja: je, mwili utapata nguvu bila nyama? Dali peke yake ina upungufu, na mchele peke yake una upungufu, lakini kinachokosekana katika nafaka kimo katika jamii ya kunde, na kinachokosekana katika kunde kimo katika nafaka. Ndiyo maana khichri ni chakula kamili kwa namna ambayo wali mtupu sio. Kwa mama mjamzito na binti aliyebaleghe, jambo la kuangalia ni madini ya chuma. Chuma cha mimea hufyonzwa mwilini kwa shida, ila hufyonzwa vizuri zaidi kikiandamana na ndimu, nyanya au tunda chachu. Chai huzuia. Basi kile kikombe cha chai ya rangi tunachokinywa mkono ungali na mchuzi na kisogezwe mbele saa moja au mbili. Vitamini B12 haimo katika mboga wala dali. Asiyekula nyama huitoa katika maziwa na mayai, na asiyegusa hata hivyo hana budi kumwona daktari. Pia tusidanganyike kwamba kila kisicho na nyama ni dawa. Bajia, puri na viazi karai hazina nyama, lakini aliyeambiwa apunguze mafuta hazimfai.

Upande wa dini suala ni jepesi. Mtu akipunguza nyama kwa ajili ya afya yake au mfuko wake, hana lawama, mradi asijiharamishie alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Na chakula cha jirani asiye Mwislamu ambacho hakina nyama, kikiwa safi, hakina neno. Kilichotengwa kwa ajili ya ibada yao ni jambo jingine, na kukikataa kwa maneno mazuri hakuvunji ujirani.

Linalotupita mara nyingi ni upande wa pili, yaani sisi tunapomwalika yeye. Sisi huuliza juu ya sufuria, kisu na mafuta kabla ya kula nyumba ya watu, nao wana haki hiyohiyo. Kuiondoa nyama kwenye mchuzi hakuufanyi mchuzi kuwa wa mboga. Mafuta yaliyokaangia samaki hayakaangii bajia za mgeni huyu. Mwiko uliokoroga pilau haukorogi dali yake. Wengi wao hawali mayai, kwa hiyo keki ni ya kuulizia kwanza. Ikiwa ni Mjaini, acha kitunguu, thomu, na viazi, maana vyote vinavyong'olewa ardhini hujiepusha navyo. Kumlisha mtu asichokila kwa kumficha ni khiyana, hata kama chakula chenyewe kwetu ni halali.

Kuna mahali ambapo tahadhari yao na yetu zinakutana, nayo ni kwenye jeli za pakiti. Jelatini nyingi hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, nguruwe akiwemo. Njia ya salama ni faluda ya kugandisha kwa agaraga, ambayo hutokana na mwani. Chemsha gramu 10 za agaraga katika maji kidogo mpaka iyeyuke yote, uimimine katika lita 1 ya maziwa ya moto yenye sukari na iliki, uchuje, na uiache igande. Hata nyumba isiyo na friji huipata, kwa kuwa agaraga huganda bila barafu.

Msimu wa maembe ukiingia, mtu hahitaji hata moto. Ngowe lililoiva sana, likamuliwe kwa mkono, litiwe chembe ya tangawizi kavu, liliwe kwa chapati laini. Wagujarati hulila hivyo kama chakula, si kama tunda. Na kwa siku ya wageni iko shrikhand: funga lita 1 ya maziwa mazito ya mgando katika kitambaa safi cha pamba, uyaning'inize usiku kucha mahali pa baridi mpaka maji yatoke, kisha usugue kilichobaki pamoja na sukari ya kusagwa na iliki. Zafarani, kwa aliyenayo, hurowekwa kwanza katika kijiko kimoja cha maziwa ya moto. Ikitiwa kavu, rangi haitoki.