Kabla Hujamwita Fundi: Kurudisha Mipangilio ya Mtandao Ilivyokuwa

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani na ripoti ya mazoezi ya kufundisha, ambayo ilitakiwa ifike chuoni kesho yake kabla ya saa sita mchana. Nikakuta kompyuta ya mezani pale sebuleni haina intaneti. Mama akaniambia ina miezi mitatu hivyo, na mkosaji anajulikana: mdogo wangu wa kidato cha tatu, mpenda magemu. Alishapigwa marufuku kuigusa. Fundi wa mtaani naye alishasema dawa ni kupiga Windows upya, na bei alishaitaja.

Nilipokaa kwenye ile mashine nikaona jambo. Simu yangu ilikuwa inapata intaneti kwenye Wi-Fi ileile. Kompyuta nayo imeunganishwa, ila imeandika "No internet". Nikawasha hotspoti ya simu, nikaiunganisha huko, vilevile. Maana yake ruta ni nzima, bando lipo, tatizo liko ndani ya kompyuta yenyewe. Hicho ndicho kipimo cha kwanza, na hakihitaji utaalamu wowote.

Ili uelewe kinachofuata, jua kwamba kifaa kikijiunga na mtandao kinahitaji mambo makubwa matatu. Moja, anwani yake, ile inayoitwa IP. Mbili, anwani ya mlango wa kutokea kwenda nje, ambao nyumbani huwa ni ruta. Tatu, anwani ya DNS, yaani mtunza daftari anayegeuza jina la tovuti kuwa namba. Kwa kawaida kompyuta haiji na majibu hayo. Inauliza, ruta inaipangia, na utaratibu huo unaitwa DHCP. Ni kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anavyofika hosteli: haji na namba ya chumba aliyojichagulia, anapangiwa akifika. Mipangilio ya mwanzo ndiyo hiyo tu: uliza, upangiwe. Mtu akijaza namba kwa mkono, kompyuta inaacha kuuliza.

Basi nikafungua "Command Prompt", nikaandika ipconfig. Kompyuta ikasema anwani yake ni 192.168.1.50 na mlango wake ni 192.168.1.1. Nikaangalia kwenye simu: mlango ni 192.168.8.1. Kumbe mama alikuwa amebadilisha kampuni ya intaneti, ikaja ruta mpya yenye namba mpya. Kompyuta ilikuwa bado inabisha hodi kwenye nyumba tuliyokwisha kuhama.

Sasa nani alijaza zile namba? Hapo ndipo nilipokaa kimya. Mwaka mmoja nyuma niliangalia video iliyoahidi intaneti ya kasi, nikafuata hatua zake zote. Kasi haikuongezeka, mimi nikarudi chuo na kusahau. Mkosaji hakuwa dogo. Alikuwa mimi.

Yakikukuta, fuata mpangilio huu, kuanzia jepesi kwenda zito.

1. Zima ruta na kompyuta, subiri kidogo, washa tena. Usicheke, mara nyingi inatosha.

2. Irudishe kompyuta kwenye kuuliza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, kisha Enter. Bofya Wi-Fi kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties", halafu "Internet Protocol Version 4", halafu "Properties" tena. Weka alama kwenye "Obtain an IP address automatically" na "Obtain DNS server address automatically". Maliza kwa OK.

3. Angalia proksi. Ingia "Settings", "Network & Internet", "Proxy", uhakikishe "Use a proxy server" imezimwa. Baadhi ya programu huiwasha na kuiacha hivyo hata ukiziondoa.

4. Fungua "Command Prompt" kwa "Run as administrator", andika moja baada ya nyingine: netsh winsock reset, netsh int ip reset, ipconfig /flushdns. Kisha zima na uwashe mashine.

5. Yakishindikana yote, ndipo utumie "Network reset". Kwenye Windows 10 iko "Settings", "Network & Internet", "Status", chini kabisa. Kwenye Windows 11 pitia "Advanced network settings". Ukithibitisha, kompyuta itajizima na kuwaka yenyewe baada ya dakika chache.

Hatua hii ya tano huondoa kadi zote za mtandao na kuzisakinisha upya. Picha na kazi zako haziguswi. Lakini paswedi zote za Wi-Fi ulizohifadhi zinafutika, na programu za VPN huenda ukalazimika kuziweka upya. Kwa hiyo kabla hujabonyeza, andika paswedi ya Wi-Fi pembeni, kisha andika ipconfig /all na upige picha skrini. Kama kompyuta ni ya ofisi, namba hizo huenda ziliwekwa kwa makusudi, muulize kwanza mhusika.

Na ukiona anwani inaanza na 169.254, hiyo ni habari nyingine: kompyuta imeuliza, haikupata jibu, ikajipangia yenyewe. Hapo kagua waya na ruta kwanza.

Mimi niliishia hatua ya pili. Haikufika dakika tano, na ripoti ikaenda usiku uleule. Kazi ngumu ilikuwa kwenda kwa dogo.

"Si nilisema dada, mimi sikugusa kitu," akanijibu.

Kweli alisema, tena kwa miezi mitatu, na hakuna aliyemsikiliza. Darasani tunafundishwa tumpime mwanafunzi kabla ya kumpa tiba, nami nyumbani kwangu nilikuwa tayari kumhukumu kabla ya kuandika neno moja la ipconfig. Nikamwomba radhi mbele ya mama, marufuku ikaondolewa.

Siku hizi nyuma ya skrini ya ile kompyuta kuna karatasi imebandikwa. Ina paswedi ya Wi-Fi, na chini yake mstari alioandika dogo mwenyewe: ukibadilisha kitu kwa mkono, andika hapa tarehe na jina lako.