Mishipa Minne Inayoulisha Ubongo

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni ambayo mwili huhitaji ukiwa umepumzika. Na kwa kuwa hauna akiba ya maana ya oksijeni wala ya sukari, damu ikikatika kabisa mtu huzimia ndani ya sekunde 10 hivi, na dakika chache baadaye seli huanza kufa.

Ubongo mkubwa, wenye nusu mbili zilizofunikwa na gamba la mikunjo, hushughulikia fikra, lugha na miondoko ya hiari, na kila nusu hutawala upande wa mwili ulio kinyume chake. Ubongo mdogo, ulio kisogoni, hulinganisha miondoko ili mtu asiyumbe, na shina la ubongo husimamia pumzi na mapigo ya moyo.

Damu hufika huko kwa ateri nne, yaani mishipa itokayo moyoni: karotidi mbili zinazopanda mbele ya shingo, na nyingine mbili zinazopenya katika matundu ya pingili za shingo, kisha zikaungana kuwa ateri moja mbele ya shina la ubongo. Chini ya ubongo mishipa hiyo huunganishwa na vijishipa vinavyofanya duara, ambalo limepewa jina la Thomas Willis, daktari Mwingereza aliyelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664. Njia moja ikiziba polepole, duara hilo linaweza kuipitisha damu ya upande mwingine, ingawa watu wengi huzaliwa na duara lisilokamilika.

Baada ya duara, hata hivyo, kila ateri itokayo humo hulisha eneo lake, na hapo ndipo kiharusi kinapoeleweka. Ateri ya kati hulisha sehemu zinazoendesha uso na mkono, na kwa watu walio wengi ile ya kushoto hulisha pia sehemu za lugha. Kwa hiyo ikiziba, mdomo hupinda, mkono wa kulia hulegea na maneno hukwama, ilhali mguu, ambao sehemu yake hulishwa na ateri ya mbele, huenda ukadhurika kidogo. Wapo wanaodhani kwamba mgonjwa huyo amepigwa na jini, wakaanzia kwa mganga, na saa zinazopotea hapo ndizo zenye thamani kuliko zote, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba mshipa haukupasuka, kwa sababu kwa aliyepasukiwa na mshipa dawa hiyohiyo huzidisha uvujaji wa damu.