Tohara ya Watoto: Tuulize Kabla ya Kisu

Wasikilizaji, wiki hii tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulitaja kwa sauti ya chini. Kwa Waislamu, na kwa makabila mengi ya Afrika Mashariki, tohara ya mtoto wa kiume ni jambo linalotiliwa mkazo sana. Kwa Wajaluo wa Kenya haikuwa mila. Hata hivyo, mambo yamebadilika. Mwaka 2007 wanaume waliotahiriwa katika Nyanza walikuwa asilimia 48. Mwaka 2012 walifikia asilimia 66.

Kilicholeta mabadiliko hayo ni utafiti. Majaribio yaliyofanywa Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu, na Rakai nchini Uganda yalionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke kwa asilimia 50 hadi 60. Ngozi ya ndani ya govi ni laini, huchubuka upesi, na virusi hupenya hapo kwa urahisi. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza tohara iwe mojawapo ya njia za kujikinga.

Lakini kupunguza si kuzuia. Aliyetahiriwa bado anahitaji kondomu na uaminifu. Tena majaribio hayo yalihusu vijana na watu wazima, si watoto.

Je, mtoto ana sababu gani za kitabibu? Zipo, ila ni chache: govi lililobana kwa sababu ya kovu, au linalovimba na kutunga usaha mara kwa mara. Vilevile, maambukizo ya njia ya mkojo huwapata kidogo zaidi watoto wachanga waliotahiriwa. Lakini govi la mtoto mchanga kushikamana na kichwa cha uume ni maumbile, si ugonjwa. Wazazi, msilivute kwa nguvu. Likivutwa huchanika na kuacha kovu, na hilo kovu ndilo linaloleta ugonjwa.

Wako pia wasiofaa kutahiriwa kwa haraka. Mtoto ambaye tundu lake la mkojo liko upande wa chini wa uume aonwe kwanza na daktari wa upasuaji, kwani ngozi hiyo huenda ikahitajika kumrekebisha. Na kama katika ukoo kuna watu wanaotoka damu isiyokatika, semeni mapema.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kampeni za tohara ya kuzuia UKIMWI zielekezwe kwa vijana wa miaka 15 na zaidi, kwani wavulana wadogo walionekana kupata majeraha mabaya zaidi.

Hatusemi mila iachwe. Tunasema baba na mama waulize: anayekata amefundishwa wapi, vifaa vimechemshwa, ganzi ipo? Na mtoto arudishwe kwa daktari siku iliyopangwa, hata kama kidonda kinaonekana kimepona.