Je, Wajua? Bunduki ya Elektroni za Nishati Ndogo

Bunduki ya elektroni ni kifaa kinachochomoa elektroni kutoka kwenye metali ya moto, kuzikusanya ziwe mwale mwembamba na kuzielekeza kwenye shabaha. Televisheni za rangi za chogo zilirusha elektroni kwa volti 20,000 na zaidi. Bunduki za nishati ndogo, zinazotumika katika fizikia ya nyuso, hutumia volti chache hadi mia kadhaa tu.

Elektroni hutoka kwenye uzi wa tungsteni uliokunjwa mfano wa herufi V, unaopitishiwa umeme hadi uwake kwa joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi. Uzi huo huzungukwa na kikombe chenye volti hasi kinachozibana elektroni zitokee kwenye tundu dogo. Anodi huzivuta mbele, kisha mirija mifupi ya metali, kila mmoja na volti yake, huzikusanya kama lenzi inavyokusanya mwanga. Mwishoni, jozi mbili za mabamba huupinda mwale juu, chini na pembeni.

Elektroni iliyorushwa kwa volti 100, yaani yenye nishati ya elektronivolti 100, huenda karibu kilomita 5,900 kwa sekunde, lakini ikiingia kwenye kitu kigumu hupita tabaka chache tu za atomu kabla ya kupoteza nishati. Zile zinazodunda bila kupoteza nishati huleta habari za ngozi ya kitu, si za nyama yake.

Faida hiyo ilidhihirika New York. Mwaka 1925, katika maabara ya Clinton Davisson na Lester Germer, waliokuwa wakirusha elektroni kwenye nikeli, chupa ya hewa kimiminika ililipuka, bomba la ombwe likapasuka na nikeli iliyokuwa ya moto ikashika oksidi. Walipoipasha joto kwa muda mrefu ili kuisafisha, chembe zake ndogo ziliungana kuwa fuwele chache kubwa, na elektroni zikaanza kudunda kwa mpangilio mpya. Mwaka 1927, kwa fuwele moja ya nikeli, elektroni za elektronivolti 54 zilijazana kwenye pembe ya nyuzi 50. Ndivyo mawimbi yafanyavyo, na Louis de Broglie alikuwa amependekeza mwaka 1924 kwamba elektroni nazo huenda kama mawimbi. Davisson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1937 pamoja na George Paget Thomson.

Kazi ya kuchunguza nyuso kwa elektroni hudai ombwe kali. Hata mgandamizo wa hewa ukishushwa hadi sehemu moja ya bilioni ya ule wa kawaida, molekuli zilizobaki zaweza kuufunika uso safi kwa sekunde moja hivi. Ukishushwa mara 10,000 zaidi, uso hudumu safi kwa saa kadhaa. Kwa hiyo chombo cha chuma cha pua huokwa kwa muda mrefu ili kifukuze maji yaliyonata ndani, na sehemu zake hushikwa kwa glavu, kwani mafuta ya alama ya kidole huendelea kutoa mvuke. Usumaku wa dunia nao hupinda mwale wa elektronivolti 100 milimita kadhaa ndani ya sentimita 10. Kinga yake ni gamba la aloi ya nikeli na chuma.

Leo bunduki hizi huchora mpangilio wa atomu kwa vitone vya mwanga kwenye kioo kinachong'aa. Nyingine humwaga elektroni za polepole juu ya vihami vinavyopimwa kwa eksirei, zikizima chaji chanya inayovuruga vipimo.