Tauni inavyoigandisha chembe nyeupe

Sisi wa Kilo tuko teritware moja na Rethy, ile ya Djugu, na kule tauni imekuwa ikirudi miaka na miaka. Panya wakifa nyumbani, viroboto wao wanageukia watu. Sasa chembe nyeupe za damu ziko wapi, mbona hazimezi hao bakteria?

Ziko palepale. Chembe nyeupe haina miguu: inashika ukuta kwa protini ziitwazo integrini, inajivuta, inaachilia nyuma. Integrini ikishika, ndani protini FAK na Cas zinabandikwa fosfati, na hiyo njo amri: jenga nyuzi, songa, meza. Bakteria wa tauni anaikata amri hiyo. Akiigusa chembe, anaidunga YopH, protini ya kubandua fosfati. Nyingine, YopE, inazima Rho, swichi ya nyuzi. Chembe inaganda. (Ujanja mtupu, kwa kweli.) Bakteria wanazaana ndani ya tezi, kinena kinavimba.

Bila dawa, tauni ya tezi inaua watu 30 hadi 60 kwa kila 100. Streptomisini hairudishi amri ile, inamuua bakteria mwenyewe, kwa hiyo inafaa ianze mapema. Homa na uvimbe wa kinena vikija pamoja, ni kituo cha afya siku hiyohiyo.